Soksi Kwenye Bafu la Suncheon

Katika chumba kile cha wanawake wapatao arobaini, wote uchi kama walivyozaliwa, mimi peke yangu ndiye niliyevaa soksi.

Ilikuwa soksi ya kahawia, ya kubana, inayoanzia kwenye vidole na kupanda mpaka juu ya goti. Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda cha plastiki mbele ya kioo, bomba linamwaga maji, nami nimeunyoosha mguu wa kushoto pembeni usilowe, kana kwamba ni mguu wa mtu mwingine niliyeombwa kumshikia. Wanawake wa bafuni wana adabu zao: wanakutazama kupitia kioo, si usoni. Nayajua hayo vizuri, maana nimefanya kazi ya bafuni miaka ishirini na sita, na kwa kutazama watu kupitia kioo nilikuwa bingwa.

"Mama, ivue basi," Narae akaninong'oneza. "Nani anakujua huku?"

Narae ni binti yangu wa pekee. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, naye alikuwa anaolewa Jumamosi. Kwetu mama hampeleki binti ukumbini kabla hajaingia naye bafuni na kumsugua mgongo, na yeye akamsugua mama yake. Tangu akiwa mdogo tulikwenda kila Jumapili. Halafu kwa miaka minne nikawa namkwepa: leo mafua, kesho kichwa, keshokutwa daktari kakataa. Wiki ile visingizio viliniishia. Nikakubali kwa sharti moja, kwamba tusiende bafu lolote la Mokpo, mji wetu, ambako hata wauza samaki wananijua kwa jina. Akaendesha gari zaidi ya saa nzima mpaka Suncheon, hakulalamika hata kidogo, na jambo hilo lilinichoma kuliko kama angelalamika.

"Nitaivua nikifika kwenye kitanda cha kusuguliwa," nikamwambia.

Nilikuwa namdanganya. Nilishazoea.

Kazi yangu ilikuwa kutoa nongo. Mteja analowa kwenye maji moto mpaka ngozi inalainika, kisha anakuja kulala kwenye kitanda cha plastiki, nami navaa glovu zangu za kijani, zile zinazokwaruza, namsugua kuanzia shingoni hadi unyayoni mpaka nongo zinaviringika na kudondoka sakafuni. Nikimaliza upande mmoja napiga makofi mawili, naye anageuka. Hatusemi "geuka". Makofi yanatosha.

Kitanda cha pili kilikuwa cha Gilja. Tulifanya kazi bega kwa bega miaka kumi na nane, yeye mdogo wangu kwa miaka mitatu, ndiyo maana akaniita dada. Alikuwa na mdomo. Mteja akilala tu, Gilja anamwambia, "Dada yangu, umekuja na shamba zima mgongoni, tupande kabichi?" na chumba kizima kinacheka. Narae alikua mbele ya macho yake, akimwita mama mdogo. Pamoja na kusugua, Gilja alikuwa na kazi ya pembeni ya kuondoa magaga: alikuwa na kopo la bati lenye wembe, na alikata sugu za visigino vya watu kwa mkono mwepesi sana. Mteja alikuwa akisinzia huku anakatwa.

Nami nilikuwa na sifa yangu. Nilikuwa na jicho. Msuguaji anaona sehemu za mwili ambazo mwenyewe hawezi kuziona, na nikiona alama nyeusi mgongoni mwa mtu, inayotanuka au yenye kingo zilizochanika, nilikuwa namwambia: usiiguse, usiikwangue, nenda hospitali. Mke wa mwalimu mmoja alinisikiliza, akaenda, akakatwa mapema, akapona. Aliniletea sanduku la matunda ya persimoni, na kwa miaka miwili kila aliyeingia bafuni alisimuliwa habari ile, mara nyingi na mimi mwenyewe.

Mganga hajigangi.

Doa langu lilianzia kisiginoni, mguu wa kushoto, dogo kama punje ya soya. Nikadhani nimekanyaga kitu, damu imevilia. Msuguaji anafanya kazi peku, na mteja aliyelala kifudifudi hana kingine cha kutazama isipokuwa sakafu na miguu yako. Siku moja mtoto wa kike, labda miaka mitano, akasema kwa sauti ya kusikika pote, "Shangazi anasugua watu, mwenyewe ana uchafu mguuni." Mama yake akamfinya. Wanawake wakacheka. Mimi nikacheka kuwashinda wote.

Jioni ile nilichukua jiwe la kusugulia visigino nikajisugua mpaka pakawa pekundu. Doa halikwenda popote. Baada ya wiki kadhaa nikaanza kuchukua wembe wa Gilja. Nilikuwa nasubiri atoke kwenda kula, nachukua kopo lake, naingia stoo ya taulo, nafunga mlango kwa ndani. Nakata juu juu, panapauka siku tatu nne, halafu weusi unarudi, na kila ukirudi ni mpana zaidi. Nilifanya hivyo karibu mwaka mzima. Na mwaka huohuo nilikuwa bado nawaambia wateja wasiguse alama zao. Wala sikuhitaji kuambiwa na mtu. Nilijua ninachofanya, ila niliogopa kujua zaidi, na nilimwonea haya mke wa mwalimu na persimoni zake.

Kidonda kilipogoma kupona, Narae ndiye aliyenipeleka hospitali kubwa ya Gwangju. Daktari alikuwa kijana mwenye mikono ya baridi. Alikitazama kisigino kwa lenzi, muda mrefu, kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Nani amekuwa akikata hapa?"

Narae alikuwa amesimama pembeni, mkoba wangu kifuani. Nilimwona anavyonitazama, kwa imani, mtoto aliyekua akisikia kwamba mama yake ana jicho kuliko madaktari. Nikafungua mdomo kusema ni mimi.

"Pale kazini," nikasema, "kuna mtu anatukata magaga."

"Mama mdogo Gilja?" Narae akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Ilikuwa rahisi hivyo. Sikutamka hata jina.

Ilikuwa saratani ya ngozi, ya aina adimu, ile inayoota kwenye nyayo na viganja na chini ya kucha. Wiki ya pili Narae alikwenda kuchukua dawa, nikabaki na daktari peke yangu, na nikamuuliza kama wembe ndio ulioleta. Akasema hapana. Ugonjwa huu huja wenyewe, na hata wao hawajui kwa nini unachagua nyayo za watu kama sisi. Hakuna mtu wa kulaumiwa, ila ningekuja mapema ingekuwa kazi ndogo. Nilitoka mle ndani na maneno hayo, nikamkuta binti yangu kwenye korido na mfuko wa dawa, akaniuliza daktari kasemaje. Nikamwambia kasema nile vizuri.

Kwa hiyo nilimtwisha mwenzangu kosa ambalo hata halikuwa kosa la mtu. Na nilipokuja kulijua hilo, nilinyamaza.

Walikata kisigino, wakachukua ngozi ya paja wakashonea pale, wakatoa na tezi za kwenye kinena. Kabla sijatoka hospitalini nikasikia Gilja hayupo tena bafuni. Bi Tak, mwenye bafu, amemwambia asirudi. Habari ilizagaa Mokpo kwamba wembe wake unaua. Sikuuliza nani aliyemfikishia Bi Tak. Ningeuliza, ningejibiwa.

Watu wanaposikia saratani imeondolewa wanadhani na maumivu yameondoka nayo. Wakaja na uji wa abaloni, wale konokono wa baharini, wakanipongeza. Ni kweli, kila nikipimwa naambiwa niko safi. Lakini ngozi ya paja haijui kazi ya kisigino. Katikati hapana hisia kabisa, naweza kukanyaga msumari nisijue. Pembeni, kwenye mshono, panaungua mchana na usiku, hata shuka likipagusa. Mguu unavimba, ndiyo maana ya ile soksi. Daktari alinipa vidonge, akabadilisha, akaongeza. Aliniambia mishipa ya fahamu iliyokatwa wakati mwingine haiachi kulalamika. Nilikuwa nakaa dirishani, mguu juu ya mto, nawaza: huyu anayelalamika ana haki. Maumivu yenyewe nisingeyaonea haya. Niliyaonea haya kwa sababu kila mtu aliyenihurumia alimalizia kwa kumlaani Gilja, nami nikawa nakunywa uji wao na kunyamaza.

Basi tuko Suncheon, nimekaa na soksi yangu, na sauti ikaita kutoka upande wa vitanda.

"Thelathini na saba."

Ndiyo namba ya ufunguo wangu wa kabati. Narae alikuwa ametulipia sote wawili tusuguliwe kwanza, ndipo tusuguane migongo kidogo kwa ajili ya desturi. Lakini sauti ile niliitambua kabla sijainuka. Niliinuka hivyohivyo, kwa kuwa mwili umezoea kuitikia namba.

Gilja alikuwa amesimama kando ya kitanda, kavaa sidiria na chupi nyeusi, sare yetu wasuguaji, glovu mkononi. Alikuwa amekonda, nywele zimeingia mvi mbele. Alinitazama usoni, akaitazama soksi, akarudi usoni.

"Dada Bongim," akasema.

Nikauficha mguu wa kushoto nyuma ya wa kulia.

"Soksi haisuguliki, dada."

Nadhani angeishia hapo. Nadhani angenilaza, angenisugua, tungeachana kama watu wasiojuana. Lakini Narae alikuwa amefika nyuma yangu na beseni lake.

"Usimguse mama yangu."

Aliisema taratibu, na kwa sababu hiyo watu wote waligeuka. Maji yalikuwa yanaendelea kumwagika mahali fulani.

"Wewe mama, huna hata haya?" Narae akaendelea. Alimwita "wewe mama", si mama mdogo, yeye aliyekua mikononi mwake. "Umemkata kisigino mwaka mzima na wembe wako, ukamficha, mpaka ikabidi wamkate nusu ya mguu. Unajua anavyolala? Hajui hata shuka ni kitu gani. Na wewe uko hapa unaendelea na watu wengine."

Mwanamke aliyekuwa amelala kitanda cha jirani aliketi, akakusanya miguu yake chini ya taulo. Msuguaji wake akaganda na beseni la maji mkononi.

Gilja hakumtazama Narae. Alinitazama mimi. Alinitazama muda wa kutosha mtu kusema jambo, nami nikaangalia tundu la maji machafu sakafuni, nywele zilizonasa pale, nikazihesabu. Alipoona hivyo, akaanza kukusanya vitu vyake: glovu, chupa ya mafuta, taulo mbili. Alivikusanya kwa mpangilio, kama mtu aliyewahi kufukuzwa na anajua kipi kitangulie. Kopo la wembe halikuwepo. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba halikuwepo.

Alipoinama kuchukua ndala zake niliona mgongo wake, na nikamwona Mokpo siku aliyofukuzwa, siku ambayo sikuwepo kumwona. Nikajua akitoka kwa mlango ule, jioni hana kazi, na safari hii nitakuwa nimemfukuza mwenyewe, ana kwa ana, uchi.

"Ni mimi," nikasema.

Maji yalimeza sauti. Hakuna aliyesikia. Ilibidi niseme tena, kwa nguvu zaidi, na bafu lile lina vigae kila upande, sauti ikarudi kwangu kutoka pande zote.

"Ni mimi niliyejikata. Wembe nilikuwa nauiba kwenye kopo lake, naingia stoo, najifungia. Yeye hajawahi kukigusa kisigino changu, hata siku moja."

"Mama," Narae akasema, "unasema nini?"

"Na wembe haukuleta ugonjwa. Daktari aliniambia, ile siku ulipokwenda kuchukua dawa. Nimejua miaka minne, Narae. Nilikuonea haya wewe."

Binti yangu alinitazama kama ananisoma kwa mara ya kwanza na mwandiko haumpendezi. Kisha akaliweka beseni chini, polepole, akaenda zake kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Mlango wa kioo ukajifunga nyuma yake.

Nilibaki nimesimama. Wanawake wakarudi kwenye mabomba yao mmoja mmoja. Sasa walinitazama usoni, na nilistahili. Gilja alisimama kidogo na vitu vyake mkononi, halafu akavirudisha mezani.

"Lala," akasema.

Akakimwagia kitanda maji ya moto, nikalala kifudifudi. Alianza na shingo, mabega, mgongo. Alinisugua bila huruma, vile tulivyokuwa tukiwasugua watu waliochelewa miezi. Sikulalamika.

"Nilijua," akasema, juu ya mgongo wangu. "Wembe ulikuwa unarudi umelowa. Nani mwingine alikuwa na ufunguo wa stoo?"

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Wewe una saratani, mimi ni mkata magaga. Nani angeniamini?" Akanisugua mbavu. "Mwaka wa kwanza nilingoja unipigie simu. Mwaka wa pili nikabadilisha namba."

"Nisamehe, Gilja."

"Sijui," akasema. "Nimefika umri huu, mambo mengine siyaharakishi. Lete mguu."

Akaiteremsha soksi. Nilisikia mikono yake inasimama. Mbali na daktari na wauguzi hakuna aliyewahi kukiona kisigino kile. Mimi mwenyewe nilikuwa nakiosha nikiangalia ukutani.

"Wapi panauma?"

"Katikati hapana kitu. Pembeni panaungua."

"Hata maji?"

"Hata shuka."

Akavua glovu. Alikiosha kwa kiganja kitupu, akizunguka mshono kwa kidole gumba, asiuguse, akitafuta mwanzo na mwisho wake kama alivyokuwa akitafuta ukingo wa sugu zamani. Kiliniuma. Nikalia, uso kwenye plastiki, na sijui nililia maumivu au nini. Hakuniambia ninyamaze wala hakunibembeleza. Alipomaliza akapiga makofi mawili, nikageuka.

Nilipotoka, Narae alikuwa ameshavaa. Alikuwa ameketi kwenye benchi mbele ya makabati, nywele bado zinachuruzika. Gilja alikuwa ameikamua soksi yangu akanipa mkononi, nami nikaishika hivyohivyo, mbichi. Narae akaitazama, akanichukua soksi, akaiweka chini ya mashine ya kukaushia nywele mpaka ikakauka. Kisha akapiga magoti akanivisha, bila kunitazama. Naye akakiona kisigino.

Tukashika njia ya Mokpo. Mashamba ya mpunga yalikuwa yameshavunwa, yamebaki visiki. Tulipokaribia lango la barabara kuu alipunguza mwendo, akapaki pembeni, taa za dharura zikiwakawaka.

"Mama, mimi ndiye niliyempigia simu Bi Tak," akasema.

Nilikuwa najua. Nilikuwa nimejua miaka minne pasipo kuuliza.

"Nilimwambia, ukimwacha huyo mwanamke hapo nitaleta watu wa gazeti. Nilimtukana na Gilja mwenyewe, kwa simu. Alikuwa analia, mama. Alikuwa ananiita mwanangu, na mimi natukana." Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili ingawa gari limesimama. "Jumamosi nitasimamaje pale mbele?"

Mimi niliyemfunza kusugua mgongo, kupika supu ya mwani, kuheshimu wakubwa, nilikuwa nimemfunza na kumtukana asiye na kosa. Niliona aibu ambayo mbele yake ile ya soksi ilikuwa mchezo tu.

"Geuza gari," nikamwambia.

"Mguu wako je?"

"Geuza, Narae."

Pale Suncheon dada wa mapokezi alituona tunaingia tena, akasimama nyuma ya meza yake.

"Mmesahau kitu?"

Narae akajaribu kujibu, sauti ikakwama, akajaribu tena. "Mama mdogo wangu yuko ndani," akasema.

Pale mlangoni kila mtu anavua viatu. Nikaketi kwenye ngazi, nikavua kiatu, kisha nikaviringisha soksi mpaka chini, nikaitia mfukoni. Sakafu ilikuwa ya moto, kisigino kikaanza kuungua pembeni kama kawaida yake. Narae akanipa mkono, nikainuka, tukaingia.